Mlango uliokataa kufunga: uchambuzi wa pikapu ya shamba iliyogeuzwa gari la uwindaji

Pikapu iliingia getini asubuhi moja ya Agosti, mlango wa dereva umefungwa kwa kamba ya manila. Dereva akashukia upande wa abiria. Mwenye gari alikuwa mbele yake kwa bodaboda, mzee wa hapahapa Arusha ambaye nimemtengenezea magari miaka mingi. Nikamwamkia, akaitikia marahaba, na bila kukaa akasema: "Fundi, bawaba nimebadilisha mara mbili. Sasa nitafutie mlango mzima. Jumapili gari lirudi porini."

Mlango mwingine wa Land Cruiser HZJ75 si kazi kuupata Arusha. Ningeweza kumpa siku hiyohiyo, nikala hela yake, na baada ya wiki tatu angerudi na kamba ileile. Kilichonifanya nisite ni mkwaruzo. Mlango unaoning'inia kwa sababu ya bawaba kuchoka hukwaruza chini, kwenye kizingiti. Huu ulikuwa umekwaruza juu, kona ya nyuma, hadi rangi imetoka na bati linang'aa. Bawaba haziwezi kufanya hivyo. Aliyeshuka pale alikuwa fremu ya kebini.

Nieleze gari lenyewe kwanza. Ni Land Cruiser HZJ75 ya 1996, injini 1HZ ya dizeli, silinda 6, cc 4,164, haina taabo wala kompyuta ya kukusumbua. Ukiibadilishia taiming belti kila kilomita 100,000 na kuilinda isichemke, inakuzika. Springi zake ni za pleti mbele na nyuma. Maisha yake yote ilikuwa kwenye shamba la kahawa, ikipandisha mbolea na kushusha vibarua. Mzee aliinunua ikiwa imechoka bodi lakini injini inawaka kwa nusu ufunguo. Mwezi Mei akaipeleka kwenye gereji moja mjini, siitaji jina, igeuzwe gari la uwindaji ili awakodishie wenye vitalu vya uwindaji. Msimu hufunguliwa Julai 1, kwa hiyo kazi ilikuwa ya kukimbizana. Julai yote gari likawa kwenye pori la akiba la Rungwa.

Asiyewahi kuona gari la uwindaji asilifananishe na yale ya watalii yanayofunguka paa. Hili nyuma liko wazi. Nyuma ya kebini kuna kiti kirefu kilichoinuliwa, wageni na mwindaji bingwa wanakaa huko wakiangalia juu ya paa la kebini. Nyuma yao wanasimama matraka, wale wafuatilia nyayo, wameshika bomba. Kuna vishikio vya bunduki, pipa la maji, spea tairi mbili, na nafasi ya kulaza mnyama.

Watu wengi wanadhani kiti kile ni cha kupigia risasi. Si kweli, na hili lina maana kubwa kwa fundi. Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya 2009 inakataza kumpiga mnyama ukiwa ndani ya gari, au hata ukiwa umeshuka lakini hujafika mita 200 kutoka lilipo. Kiti ni cha kutazamia tu. Ukishaona kundi unashuka, unatembea. Kwa hiyo mteja akiniambia nimwekee kiti kinachozunguka chenye egemeo la bunduki, namwambia hapana, na si kwa sababu najifanya mtakatifu. Egemeo linataka fremu isiyotikisika kabisa, na fremu isiyotikisika kabisa ndiyo iliyoua mlango wa mzee huyu.

Maana ukiitazama pikapu vizuri ni vitu viwili vilivyopanda ngazi moja. Ngazi ni chasisi. Mbele kuna kebini, imekaa juu ya mipira. Nyuma kuna bodi, imefungwa kwa boliti zake yenyewe. Kati yao kuna upenyo wa vidole vitatu hivi, na upenyo ule haukuachwa kwa bahati mbaya. Gari likiingia korongoni kwa mshazari, gurudumu la mbele kulia liko juu na la nyuma kulia liko shimoni, chasisi inajisokota kama unavyokamua nguo. Kebini inalalia huku, bodi inalalia kule, halafu gari likitoka korongoni kila kimoja kinarudi mahali pake. Ndivyo lilivyoumbwa.

Gereji ile ilisimamisha mabomba manne kutoka kwenye bodi, ikayakunja juu ya paa, ikayachomelea kwenye mfereji wa mvua wa kebini, pande zote mbili. Ukilitazama limesimama ni zuri kweli. Ukilisukuma kwa mkono halitingishiki. Mzee aliniambia ndicho kilichomfurahisha siku anakabidhiwa: alipanda, akarukaruka kwenye kiti, kimya.

Nilitaka aone mwenyewe, kwa sababu mteja aliyelipia kazi mara moja hapendi kusikia kwamba inabidi ikatwe. Nilichukua chaki, nikachora mstari mmoja ulionyooka ubavuni, unaoanzia kwenye kona ya nyuma ya kebini na kuendelea kwenye bodi. Gereji kulikuwa na HZJ75 nyingine iliyoletwa kwa ajili ya klachi, nayo nikaichora vilevile. Tukaanza na ile ya klachi. Dogo wa gereji akapiga jeki chini ya chasisi, karibu na gurudumu la nyuma kushoto. Mstari ukakatika taratibu. Kipande cha kwenye bodi kikapanda, cha kwenye kebini kikabaki, hadi vikaachana kwa vidole viwili. Mlango wake tukaufungua na kuufunga huku gari likiwa limeinama hivyo, hauna neno.

Tukahamia kwa ya mzee. Jeki ikapanda, mstari haukukatika. Chaki ya kebini na chaki ya bodi zilikwenda pamoja kama ndugu. Lakini pale juu ya mlango wa dereva, upenyo ambao ungeingiza ukucha tu ukaanza kufunguka. Nikaingiza kidole kidogo. Dogo akaongeza mipigo mitatu, na kwenye mfereji wa mvua, pale bomba lilipochomelewa, rangi ikalia ta, ta, ikabanduka. Chini yake palikuwa na ufa wenye kutu, yaani ulikuwepo siku nyingi.

Mzee akavua miwani, akaifuta, akavaa. "Kwa hiyo mlango hauna kosa."

"Hauna, mzee."

Mtu angeweza kuishia hapo: kata mabomba, ziba ufa, basi. Lakini kulikuwa na jambo lililonisumbua kwenye ile jeki. Gurudumu la nyuma liliacha ardhi mapema mno. Kwenye pikapu ya klachi springi ilijinyoosha na tairi likabaki limegusa chini muda mrefu. Kwa mzee, ukiinua kidogo tu tairi liko hewani. Nikaenda chini kuhesabu pleti. Zilikuwa zimeongezwa tatu kila upande.

Kwa nini ziliongezwa? Kwa sababu gari lilikaa matako chini baada ya kujengwa. Na kwa nini lilikaa? Hapo nilitoa futi kamba. Fremu yote ilikuwa ya bomba la inchi 2, lile zito lenye ukuta wa milimita 3.6. Mita moja ya bomba hilo ni kilo 5. Nilipima mita 36, kwa hiyo kilo 180 za bomba peke yake, kabla hujaweka ubao wala sponji. Sakafu ya zamani haikuondolewa. Juu yake wakalaza cheka pleti, lile bati nene la vinundu, ya milimita 4.5, ambayo kwa ukubwa wa bodi ile ni kilo 130 na zaidi. Pipa la maji la lita 200 likafungwa mwisho kabisa, nyuma ya ekseli, mahali ambapo uzito unainua pua ya gari na kukandamiza springi za nyuma kwa nguvu ya mtaimbo. Weka watu watano juu, wawe wa kilo 75, ni 375. Jumla kilo 885, na hujapakia kitu. Halafu nyati dume, ambaye anaweza kupita kilo 700. Hiyo ni pikapu tunayoiita ya tani moja.

Basi mnyororo ukawa hivi: uzito ukaita pleti, pleti zikakaza nyuma, na springi iliyokaza haifuati shimo. Kazi ya kufuata shimo ikaachiwa chasisi. Chasisi ikajisokota kuliko ilivyopaswa, na ilipotaka kusokota kebini na bodi kila moja upande wake ikakuta zimefungwa pamoja. Kitu chepesi kuliko vyote pale katikati ni bati la nguzo ya mlango. Likalipa deni la wote.

Chasisi yenyewe nayo haikupona. Tulipoisafisha kwa brashi ya waya nyuma ya kishikio cha kebini, upande wa kulia, tukakuta ufa wa sentimita 6 unaoanzia kwenye tundu la boliti. Tundu hilo halikutoka kiwandani. Aliyejenga alitaka mahali pa kufungia mguu wa fremu, akatoboa ukingo wa chini wa chasisi. Ukitaka kutoboa chasisi, toboa ubavuni, katikati ya kimo chake. Kingo za juu na chini ndizo zinazovutwa na kubanwa kila gari linapopanda na kushuka. Tundu pale ni kama kukata pindo la kitenge, baada ya hapo kuchanika kunajiendea kwenyewe.

Tulianza Jumatano. Betri ikatolewa waya zote mbili, kwa sababu moto wa kuchomelea ukipitia alteneta unaiua. Kisha nikakata mabomba mawili ya upande wa dereva kwenye mfereji, kwa grainda, taratibu. La pili lilipokatika kebini ilishtuka, ikashuka kama mtu aliyewekwa chini. Nikamwambia dogo afungue ile kamba ya manila na asukume mlango. Ukafunga. Si kwa kishindo, kwa ule mlio wa kawaida wa mlango wa Land Cruiser. Dogo akaufungua na kuufunga mara nne, kama mtoto na swichi ya taa.

Ufa wa chasisi: mwisho wake tulipiga tundu dogo la milimita 6 ili usiendelee kukimbia, tukauchimba umbo la V kwa grainda, tukajaza kwa rodi za 7018 zilizokaushwa. Rodi za 6013 unazozikuta kila duka la hadiwea ni nzuri kwa mageti. Kwenye chasisi sizitumii. Juu tukaweka kiraka cha pleti kilichokatwa umbo la almasi, kimechomelewa kingo za mshazari tu. Kiraka cha mstatili chenye mshono uliosimama wima kinahamisha ufa sentimita chache mbele, na mwaka kesho unaanza upya. Lile tundu la ukingo tukalijaza, tukalisaga. Nguzo ya mlango ilikuwa kazi ya bati na pati, haina hadithi.

Kiti kipya nilikijenga kwa bomba la inchi moja na nusu. Mita yake ni kilo 3.6 tu, na nilipunguza kona zote zisizobeba kitu, nikatumia mita 22. Kilo 80 badala ya 180. Miguu yote minne imesimama kwenye bodi. Kati ya fremu na paa la kebini kuna nafasi ya sentimita 8, na nilimwomba dereva asiruhusu mtu yeyote kuziba nafasi hiyo kwa kamba, mpira wala mkeka. Kiti kinatikisika kidogo. Mzee alipopanda kukijaribu aliguna, nikamwambia hiyo ndiyo kazi yake, kitikisike chenyewe na mlango upone.

Kati ya bodi na chasisi nililaza mbao za mninga, na boliti mbili za mbele za bodi nikazipa springi ngumu chini ya nati, ili bodi iweze kuinuka kidogo chasisi ikijisokota. Malori ya kupita porini hufungwa hivyo. Pipa la maji likahamia mbele, limebanwa na ukuta wa kiti. Pleti mbili kati ya tatu zikatolewa kila upande. Cheka pleti ilibaki. Nilimwambia mzee iondoke, iwekwe ubao, akasema hela imekwisha na msimu haumsubiri. Sikubishana.

Winchi ndiyo iliyonitesa kichwa. Waliojenga mwanzo waliweka ya umeme kwenye bampa la mbele, waya unapanda juu ya kebini, unapita kwenye rola iliyofungwa kilele cha fremu, unashuka kwenye bodi kuvuta mnyama. Magari mengi ya uwindaji yana mpango huo na unafanya kazi. Lakini rola ya kilele haibebi ule mvuto wa mnyama peke yake. Waya unaivuta kwa mbele na kwa nyuma, pande zote mbili zikielekea chini, kwa hiyo nguvu inakaribia kuwa mara mbili, na yote inakandamiza paa. Ndiyo maana walihisi lazima waifunge kwenye kebini. Ukiikata kebini, rola inaanguka mbele. Nikaiacha winchi ya bampa kwa kazi yake halisi, kujinasua kwenye tope. Kwa mnyama niliweka winchi ya mkono chini kabisa, kwenye ukuta wa mbele wa bodi, usawa wa sakafu, na rola ndefu mlango wa nyuma, na mbao mbili za kumpandishia. Ni ya polepole, matraka wawili wanabadilishana mpini. Lakini mvuto wote unaingia kwenye sakafu na chasisi, hakuna kinachoinuliwa angani.

Kuna kosa moja zaidi ambalo halikuhusu vyuma, na dereva ndiye aliyelisema, akiwa amekaa kwenye tairi anakunywa chai. Kwamba Rungwa wageni walikuwa wanaliwa na mbung'o kwenye gari hili kuliko kwenye magari mengine ya kambi. Walipuliza dawa, wakafukiza kinyesi cha tembo kwenye kopo, wapi. Nikapanda kuangalia. Sponji ya kiti ilikuwa imevikwa leksini ya bluu iliyoiva, mabaki ya viti vya basi, na egemeo leusi. Mitego ya mbung'o inayotundikwa porini ni vitambaa vya bluu na vyeusi. Mbung'o anapenda kitu kinachotembea na anapenda rangi hizo. Fundi viti alikuwa amewashonea wageni mtego, akawakalisha juu yake! Tukabadilisha, leksini ya rangi ya udongo.

Gari zima lilikuwa limepakwa kijani cha msituni wakati kadi bado inasema nyeupe. Nilimkumbusha mzee kwamba rangi ikibadilika kadi nayo inabadilishwa TRA, mamlaka ya mapato, kabla trafiki wa Babati hajamkumbusha yeye. Akaenda.

Mambo madogo nitayataja kwa haraka. Mbele ya rejeta tuliweka wavu wa dirisha unaovutwa na kutoka, maana mbegu za nyasi za Julai na Agosti zinajaza mapezi ya rejeta na 1HZ haisamehi kuchemka. Tulifungua kinga ya bomba la moshi, ambamo nyasi kavu zilikuwa zimeshonana na nyingine zimeanza kuwa nyeusi. Vishikio vya bunduki vikavikwa mpira wa tyubu, mtutu juu. Tairi zilibaki 7.50-16 za tyubu na rimu za ringi, kwa sababu mwiba wa mgunga hauheshimu tairi lolote, na hizi unaziziba kwa kiraka chini ya mti.

Jumapili gari halikurudi porini. Lilirudi Alhamisi iliyofuata. Kabla halijaondoka tulipiga jeki tena na kuchora chaki. Mstari ukakatika, vidole viwili kasoro, na mlango ukafunga.

Desemba lilipita hapa njiani likitoka Itigi. Nililala chini yake nusu saa. Kiraka cha chasisi kizima, mninga umeanza kulika kona moja, nati moja ya zile boliti za springi imepotea na mtu amefunga waya mahali pake. Cheka pleti imeanza kupasuka kwenye mshono, kama nilivyotarajia. Mzee ana lalamiko moja tu: mvua ikinyesha maji yanamdondokea dereva kwenye goti la kulia, kwa sababu pale nilipokata bomba sikuurudisha mfereji vizuri. Nimemwambia alilete Jumatatu.